Bundi Hana Ujumbe

Hakuna maneno yanayoniudhi katika mazungumzo ya wasomi wenzangu kama haya mawili: "Siamini, lakini." Siamini uchawi, lakini bundi akilia juu ya bati lako siku tatu mfululizo, jiulize. Siamini, lakini ukikutana na kinyonga mlangoni asubuhi, siku hiyo usisafiri. Anayesema hivyo ana shahada na simu ya bei mbaya, na ukimbana sana atakwambia alikuwa anatania. Hatanii. Angekuwa anatania asingeshika fimbo.

Nazungumzia uani, si mbugani. Kwetu ni Tunduma, mji ambao wengi mnaujua kwa foleni ya malori na wabadilisha fedha wanaokukimbilia kabla hujavuka kwenda Nakonde. Sensa ya 2012 ilikuta watu wasiofika laki moja katika halmashauri ya mji. Ya 2022 ikakuta zaidi ya laki mbili. Watu wote hao wamejenga mahali, na mahali hapo juzijuzi palikuwa mashamba na vichaka. Ndiyo maana kwenye ua wetu, ndani ya ukuta wa matofali ya kuchoma, nimeshakutana na kalunguyeye chini ya rundo la kuni, kinyonga kwenye mparachichi, na nguchiro aliyekuwa akielekea banda la kuku saa saba mchana bila haya yoyote. Kuna usiku komba alilia mpaka mpangaji mgeni kutoka Dar es Salaam akatoka na tochi kutafuta mtoto aliyetupwa. Tulicheka wiki nzima.

Kwa bundi hatukucheka.

Aliingia kupitia tundu ambalo fundi aliliacha kati ya ukuta na bati la stoo ya baba mwenye nyumba. Alikuwa yule mweupe wa kifuani, mwenye uso wa umbo la moyo. Huyu halii "huu, huu" kama bundi wa hadithi. Hupiga ukelele mkavu, kama mtu anayechana turubai. Siku ya pili wapangaji walishaanza kuhesabu nani anaumwa, na kwenye nyumba yenye familia sita hakukosi anayeumwa: mtoto wa chumba cha kona alikuwa na homa. Siku ya nne jina likapatikana. Nyuma ya ukuta wetu aliishi bibi mmoja, mjane, aliyekuwa akiuza maharage kwa kopo. Aliishi peke yake na macho yake yalikuwa mekundu. Basi, hiyo ndiyo ilikuwa mashitaka yote.

Kila asubuhi tulimwamkia shikamoo bibi, naye akaitikia marahaba wajukuu zangu. Na ni mmoja wetu sisi wajukuu, mhitimu wa chuo kikuu, aliyempiga bundi picha akaituma kwenye grupu la WhatsApp la mtaa na maneno haya: "Siamini, lakini majirani tujiangalie." Hakutaja jina. Hakuhitaji. Bundi alipigwa manati jioni ileile. Bibi alikaa wiki mbili zaidi; usiku mmoja mlango wake ukarushiwa mawe, kisha mwanawe akaja na Kirikuu, wakapakia kitanda, masufuria na magunia mawili ya maharage, wakaenda Kamsamba. Mtoto wa chumba cha kona alipimwa akakutwa na malaria, akapewa dawa, na siku bibi anahama alikuwa anacheza mpira barabarani.

Sasa tumsikilize bundi, maana katika kesi ile yeye ndiye hakupewa nafasi ya kujitetea. Ndani ya stoo ile mlikuwa na mahindi, magunia yaliyopangwa hadi juu kusubiri bei ipande, kama zilivyo stoo nyingi za Tunduma. Mahindi huleta panya. Panya shamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, ndiye msumbufu mkubwa kuliko panya wote wa mazao Tanzania, na jike lake huweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mara moja. Panya huleta bundi. Hapo mnyororo umekwisha. Hakuna mtu aliyesimama mwishoni mwake ameshika tunguri.

Uso ule unaotutisha kwa kufanana na wa binadamu ni dishi la kunasia sauti. Sikio moja liko juu kidogo kuliko lingine, na kwa tofauti hiyo ndogo bundi anajua panya yuko wapi hata kwenye giza totoro. Huruka bila kusikika kwa sababu kingo za manyoya ya mabawa yake zina nyuzinyuzi laini zinazovunja kelele ya hewa. Humeza panya mzima, kisha hutapika donge la mifupa na manyoya. Baada ya wao kumuua nilipanda stooni nikakusanya madonge hayo, nikayafungua kwa sindano juu ya gazeti, watoto wa nyumba nzima wakinizunguka. Donge moja lilikuwa na mafuvu manne. Yule mtoto aliyekuwa na homa ndiye aliyeyahesabu, na aliyahesabu mara mbili. Baba mwenye nyumba, ambaye kila msimu hulalamikia magunia yaliyotobolewa, alitazama yale mafuvu akaniuliza kama siogopi. Kisha akaenda dukani kununua sumu ya panya. Niliona nimweleze kwamba zipo sumu zinazobaki mwilini mwa panya na kumuua bundi anayemla, lakini kwa kuwa bundi hakuwepo tena, nikanyamaza.

Hapa Morogoro, ninaposoma shahada ya uzamili, shirika la APOPO hufundisha panyabuku kunusa mabomu ya ardhini na kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Nchi hiihii, basi, imeweza kumtazama panya, mnyama asiye na rafiki hata mmoja, na kuuliza: huyu anajua kufanya nini? Bundi tunamuuliza katumwa na nani.

Mwenzangu wa darasani aliposikia hoja hii aliniambia nadharau mila. Alinitolea mfano wa kakakuona. Sehemu nyingi za Tanzania kakakuona akitokea karibu na makazi, watu hukusanyika kwa furaha. Wanamwekea maji, nafaka au unga, na silaha, wanasubiri aelekee wapi, wazee wasome kama mwaka utakuwa wa mvua, wa shibe au wa vita. Mfano mzuri, na ningechagua sherehe hiyo kuliko manati siku yoyote. Lakini hata pale mnyama anasomwa kama barua, tofauti ni kwamba barua yake ina habari njema. Na heshima ya barua haidumu. Mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya aina zote nane za kakakuona, kwa sababu magamba yake, ambayo yametengenezwa kwa kitu kilekile kilichotengeneza kucha zako, yanasakwa kama dawa. Akishakuwa ishara, ni hatua moja tu awe bidhaa. Anayeuza magamba naye anasema yana nguvu.

Halafu kuna binadamu. Kinachonikera kwa "siamini, lakini" ni kwamba anayeitamka halipi gharama yake. Taarifa za kila mwaka za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikiandika mauaji yatokanayo na imani za kishirikina, na wazee, hasa wanawake, ndio wamekuwa wakilengwa. Macho mekundu ya bibi aliyepika kwa kuni miaka hamsini yanatokana na moshi. Jambo hilo limesemwa kwenye warsha mpaka wasemaji wamechoka. Kwetu kusini kuna wale wanaoitwa lambalamba, wanaoalikwa "kusafisha" kijiji kwa kuwataja wachawi, nao huondoka na fedha, na pengine na ng'ombe, wakiwaacha majirani hawaamkiani. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na inamtia hatiani hata anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi. Na mkoa wetu, kabla haujakatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ulishatajwa hadi nje ya nchi kwa watu waliouawa na kuchunwa ngozi. Aliyekulia Mbozi au Tunduma anajua hilo. Anajua pia kwamba neno likishatupwa mtaani halirudi na aliyelitupa. Kwa nini basi alitupe kwa mzaha?

Wahifadhi nao wana lao. Tazama noti zetu: simba kwenye elfu mbili, kifaru kwenye elfu tano, tembo kwenye elfu kumi. Ukivuka Nakonde, kwacha imebeba furukombe. Nyamapori wetu ni wale wanaoleta mtalii mwenye kamera. Shuleni nilifundishwa jumla ya hifadhi za taifa na mwaka Serengeti ilipoanzishwa. Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kalunguyeye anakula nini, na kalunguyeye nilikuwa naye nyumbani. Mtoto wa Tunduma anaweza kumaliza kidato cha sita bila kukanyaga hifadhi, lakini hawezi kumaliza darasa la nne bila kukutana na bundi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haiishii kwenye geti la mbuga. Mafunzo yetu ndiyo yanaishia hapo.

Sisemi kila kinachoingia uani kikumbatiwe. Kifutu akilala kwenye kuni zako, watoe watoto, usimguse, mwite afisa wanyamapori wa halmashauri. Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na walioiweka hawakuwa waoga. Nguchiro atakula vifaranga, kwa hiyo funga banda. Kumwogopa nyoka mwenye sumu ni akili. Ni tofauti na kumwogopa kinyonga, ambaye hana sumu, hana mbio, na hajawahi kumdhuru mtu yeyote wa Songwe zaidi ya kumtazama kwa jicho moja huku lingine likiangalia nzi.

Ninachowaomba wenzangu wenye shahada ni kidogo sana. Picha ya bundi itatumwa tena kwenye grupu la mtaa wako, pengine kabla ya msimu huu wa mavuno kwisha. Usiweke emoji ya kucheka, na usiandike "siamini, lakini". Muulize aliyeituma kama hapo kwao kuna mahindi stoo.