"Shukuru Uko Ndani" Si Mshahara

Kuna sentensi moja nataka tuizike mwaka huu: "Shukuru tu uko ndani."

Ukiwa developa mchanga kwa kampuni kubwa ya simu hapa Nairobi, utaisikia hadi uiote. Ukiuliza mbona kandarasi ni ya miezi mitatu mitatu, shukuru uko ndani. Ukiuliza nani analipa teksi ya saa tisa usiku, shukuru uko ndani. Ukitaja likizo, mdosi anacheka kwanza, halafu anakukumbusha rundo la CV liko kwa meza yake.

Sawa. Sasa tuulizane: ndani wapi?

Wasee kadhaa ninaowajua hawajaandikwa na kampuni ambayo jina lake liko juu ya jengo. Kampuni kubwa inapeana kazi kwa kampuni ya katikati, na hiyo ya katikati ndiyo inakuandika wewe. Unaingia kwa lango lile lile, unaketi meza ile ile, unachukua kazi kutoka foleni ile ile. Lakini kadi yako ya shingoni ni ya rangi nyingine, na hiyo rangi ndiyo inaamua kama una bima, kama una bonasi, na kama kuna mtu atakukumbuka mradi ukiisha. Pesa ya jasho lako inatoka juu ikiwa imenona, inapita kwa mtu wa katikati, inakufikia imekonda. Kule mtaani wanakuona umeomoka. Mama ashawaambia watu wa chama unafanya kwa kampuni kubwa. Utamwambia nini?

Na tusidanganyane kuhusu hiyo kazi. Watu hudhani ni kuketi na kahawa ukiunda apu. Fikiria hivi: mama mboga akifungua menyu ya USSD kununua bando, simu yake inaanzisha kikao kifupi na seva. Kikao hicho hakingojei mtu. Mfumo wa nyuma ukichelewa kujibu, kinakatika, na mama hajui kama pesa imekatwa au bando imeingia. Kutafuta mahali ilikwama unapitia kumbukumbu za mifumo minne au mitano, mingine iliandikwa na watu walioacha kazi kitambo bila kuacha maelezo. Na juu mtandao hauwezi kuzimwa mchana watu wakiutumia, mabadiliko makubwa hufanywa usiku wa manane. Nani ako macho? Si yule mkuu wa idara. Ni kijana wa kandarasi ya miezi mitatu, ako kwa keja yake Roysambu na laptopu imemchoma mapaja.

Hapo ndipo uongo wote unatoka nje. Kwa karatasi ya mshahara wewe ni mwanagenzi. Saa nane usiku, mambo yakiharibika, wewe ndiye mzee wa boma.

Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, nchi hii imejengwa juu ya mifumo ya simu. Nauli ya matatu, kodi ya nyumba, karo, mchango wa matanga, zote zinapita humo. Kama mfumo ni muhimu hivyo, mtu anayeulinda usiku hawezi kuwa mtu wa kuokotwa na kutupwa.

Sasa sheria, na hapa nataka usome polepole. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita, na kikiongezwa, wewe ukubali, na kwa jumla kisipite mwaka mmoja. Inasema baada ya miezi kumi na mbili mfululizo unastahili likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi zenye malipo. Inasema upate angalau siku moja ya mapumziko kwa kila siku saba. Hiyo si zawadi ya mdosi.

Ndiyo maana ukaitwa "mshauri." Jina tamu, siyo? Ukiwa mshauri unakatwa kodi ya 5% kwa kila malipo, na hakuna mtu anakuchangia NSSF. Ile 1.5% ambayo mwajiri hulipa kwa ushuru wa nyumba juu ya mfanyakazi wake, kwako haiko. Likizo haiko. Lakini saa ya kuingia unapangiwa, laptopu ni yao, na ukitaka kwenda mazishi ushago unaomba ruhusa. Mshauri gani huomba ruhusa? Mahakama ya ajira huangalia uhusiano wenyewe, si jina tu lililoandikwa juu ya karatasi.

Najua majibu yao. Moja: vijana wanakuja hawajui kitu, tunawafunza. Kweli, unajifunza. Mfumo unaobeba mamilioni ya wateja utakufunza vitu hakuna chuo kitakufunza. Lakini mafunzo yana mwalimu na yana mwisho. Kama hakuna mtu anayepitia kazi yako, na mwaka wa pili bado unaitwa mwanafunzi, hayo si mafunzo. Ni bei ya chini.

Mbili: kazi ni ya mradi, mradi ukiisha tunaachana. Haya. Menyu ambayo wateja wanaitumia kila siku, mwaka baada ya mwaka, itaisha lini?

Basi kijana, kabla hujatia sahihi, uliza maswali matatu, na majibu yaje kwa maandishi. Mwajiri wangu kisheria ni nani? Kazi ya usiku inalipwa vipi? Ni lini na kwa kipimo gani nitapata kandarasi ya kudumu? Ukishaingia, andika kila usiku uliofanya kazi, tarehe na saa. Na muongee mishahara, manze. Hiyo siri ya mshahara inamlinda nani? Hakika si wewe.

Na nyinyi mlio na kadi ya rangi nzuri: mnajua nani aliamka usiku mfumo ulipoanguka. Mkutano wa asubuhi ukifika, semeni jina lake. Bajeti ikipangwa, semeni tena.

Shukrani tunayo. Tunamshukuru Mungu, tunawashukuru wazazi waliouza ng'ombe ndio tusome. Lakini landilodi wa Roysambu akigonga mlango tarehe tano, hajawahi kukubali kulipwa kwa shukrani.