Ujira wa Mtunza Hesabu Ujulikane Mapema

Tumewaona vijana wetu walioacha ajira na kuanza kutunza hesabu za wafanyabiashara kwa kujitegemea wakiona haya kutaja ujira wao. Husema, "Utanipa chochote," na mwezi ukiisha huanza manung'uniko.

Ndugu zetu, anzeni na hesabu zenu wenyewe. Mwenye kuhitaji shilingi 900,000 kwa mwezi, pango na nauli zikiwemo, akiwa na saa 120 za kuwahudumia wateja, saa yake moja ni shilingi 7,500. Duka linalomchukua saa 10 lisipungue shilingi 75,000. Kisha mapatano yaandikwe: nani atakusanya stakabadhi na, kwa aliyesajiliwa VAT hapa Tanzania, nani atawasilisha ritani ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Jambo moja tunalikataa kabisa, nalo ni ujira wa fungu la kodi "iliyookolewa". Alipwaye hivyo hunufaika kwa kila mauzo yasiyoandikwa, na kalamu yake imekwisha kununuliwa. Wateja watano wenye daftari moja la kweli ni bora kuliko ishirini wenye madaftari mawili mawili.