Meneja Mkuu wa Besiboli Hapimwi kwa Pete Peke Yake

Oktoba 2018 klabu ya Boston Red Sox ilitwaa World Series, ubingwa wa besiboli wa Marekani, baada ya kushinda mechi 108 katika msimu wa kawaida. Tangu ianzishwe mwaka 1901, klabu hiyo haikuwahi kushinda mechi nyingi kiasi hicho. Septemba 2019, mwaka haujatimia, Dave Dombrowski aliyeongoza idara ya wachezaji akafukuzwa kazi. Mabishano yakaanza hapo hapo. Wengine walisema bingwa hafukuzwi. Wengine wakauliza bingwa gani, wakati kikosi alikikuta. Pande zote mbili zilishika vipimo vibovu, na vipimo hivyo hivyo ndivyo vinavyotumika karibu kila klabu inapoajiri au kumtimua mtu wa nafasi hiyo. Navijibu hapa kimoja baada ya kingine, kwa sababu ajira za watu na furaha ya miji mizima hutegemea vipimo hivi.

Kwa aliyezoea soka, anayesimama pembeni ya uwanja akipanga kikosi ni kocha. Meneja mkuu, ambaye siku hizi klabu nyingi humpa cheo cha rais wa shughuli za besiboli, yuko ofisini. Ndiye anayesajili, anayebadilishana wachezaji na klabu nyingine, anayesimamia wasaka vipaji, anayechagua vijana katika drafti ya kila mwaka na anayemwajiri huyo kocha. Kijana anayechaguliwa leo huweza kuchukua miaka minne au mitano kabla ya kuonekana ligi kuu.

"Tuonyeshe pete, mengine porojo." Pete ni ile anayovishwa bingwa wa World Series, na hii ndiyo hoja inayopendwa kuliko zote. Msimu wa kawaida una mechi 162. Hatua ya mtoano huamuliwa kwa mechi tatu, tano au saba, na katika mechi chache hivyo mrushaji mmoja aliyeamkia upande mzuri anaweza kuizima timu bora kuliko yake. Mwaka 2001 Seattle Mariners chini ya meneja mkuu Pat Gillick walishinda mechi 116, wakaifikia rekodi ya Chicago Cubs ya mwaka 1906, kisha wakatolewa na New York Yankees kabla ya kufika World Series. Mwaka 2006 St. Louis Cardinals walishinda mechi 83 tu na kombe wakalibeba. Anayeshikilia pete peke yake atalazimika kusema kwamba kikosi cha ushindi 83 kiliundwa vizuri kuliko kile cha ushindi 116. Sijaona mtu anayeijua besiboli akathubutu kulisema hilo kwa sauti.

Billy Beane, aliyekuwa meneja mkuu wa Oakland, ameonewa na hoja hii kuliko wengi. Kuanzia 2000 hadi 2003 timu yake, iliyokuwa miongoni mwa zile zilizolipa mishahara midogo kabisa, iliingia mtoano miaka minne mfululizo, na kila mara ikatolewa raundi ya kwanza kwa mechi tatu dhidi ya mbili. Mara nne, kila mara kwa mechi moja. Wamiliki wapya wa Boston walikwisha kuona mara tatu za kwanza, lakini Novemba 2002 walimwekea mezani dola milioni 12.5 kwa miaka mitano. Walikuwa wakinunua namna yake ya kufikiri, wala hawakuhesabu pete alizokosa. Beane alikubali, kisha akabadili mawazo, na kazi ikaenda kwa Theo Epstein, kijana wa miaka 28.

"Aliyekuwa ofisini siku ya kombe ndiye aliyeijenga timu." Mwaka 2004 Boston walibeba ubingwa waliokuwa wakiusubiri tangu 1918, na Epstein akawa shujaa wa jiji. Anastahili heshima yake. Lakini kipitie kikosi kile jina kwa jina. Pedro Martínez aliletwa mwaka 1997. Manny Ramírez alisajiliwa Desemba 2000, Johnny Damon mwishoni mwa 2001, Tim Wakefield tangu 1995. Jason Varitek na Derek Lowe walitoka Seattle mwaka 1997, wote wawili kwa mrushaji mmoja aliyekuwa na msimu mbaya. Huyu Lowe ndiye mrushaji aliyehesabiwa mshindi katika mechi ya kumalizia ya kila raundi ya mtoano wa 2004, raundi zote tatu. Hao wote waliletwa na Dan Duquette, ambaye alifukuzwa mapema mwaka 2002 mara klabu ilipopata wamiliki wapya. Kombe lilipofika, yeye hakuwa na ofisi pale.

Epstein naye aliongeza ya kwake, na hayakuwa madogo: Curt Schilling, Keith Foulke, David Ortiz, na ule uamuzi mgumu wa Julai 31, 2004, alipomuuza Nomar Garciaparra, kipenzi cha Boston, ili kuimarisha ulinzi. Siku hiyo hiyo alimchukua Dave Roberts, mkimbiaji aliyekuja kuiba kituo cha pili dhidi ya Yankees katika mechi ambayo kama Boston wangepoteza, msimu ungeishia pale.

Kuna kisa cha Ramírez ambacho wanaomsifia Epstein hukiruka. Oktoba 2003 klabu ilimweka kwenye orodha ya wachezaji ambao klabu nyingine yoyote ingeweza kuwachukua bure, mradi ibebe mkataba uliobaki, uliokuwa wa takribani dola milioni 100. Klabu zote nyingine 29 zilikaa kimya. Miezi miwili baadaye Boston walijaribu kumpeleka Texas ili wampate Alex Rodriguez, na mpango ukakwama kwa sababu chama cha wachezaji kilikataa Rodriguez apunguziwe malipo. Mwaka uliofuata Ramírez huyo huyo akatangazwa mchezaji bora wa World Series. Sikisemi kisa hiki ili kumshusha Epstein. Kwa bei ya wachezaji ya siku ile mkataba ulikuwa mzito mno, na ukimya wa klabu 29 ulimuunga mkono. Uamuzi ulikuwa na mantiki, na bahati ikamwokoa asiutekeleze. Meneja mkuu ahukumiwe kwa yale aliyoyajua siku alipoamua, na kwa jinsi alivyoyapima.

Kuhusu nani aliijenga timu, mwaka 2018 mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mookie Betts na Xander Bogaerts waliingia klabuni enzi za Epstein, Rafael Devers na Andrew Benintendi enzi za mrithi wake, Ben Cherington. Dombrowski alimleta Chris Sale, David Price, Craig Kimbrel na J.D. Martinez. Waliosema kikosi alikikuta walisema nusu ya kweli, na waliosema yeye ndiye aliyekijenga wakachukua nusu iliyobaki.

"Meneja mkuu hodari huwa na jicho la kuona mbele." Mfano wao daima ni Ortiz. Minnesota Twins walimwachia Desemba 2002 bila kupata kitu, na Januari 2003 Epstein akamsajili kwa dola milioni 1.25. Alikuja kupiga houmurani, yaani mapigo ya kuvusha mpira nje ya uzio, 541 katika maisha yake ya uchezaji na kuingia Ukumbi wa Mashujaa mwaka 2022. Lakini Epstein hakumwona mbele. Majira hayo hayo alimleta Jeremy Giambi, Kevin Millar na Bill Mueller, wapigaji wa bei nafuu walioweza kucheza nafasi zinazokaribiana, na msimu ulipoanza Ortiz alikaa benchi siku nyingi wakati Giambi akipewa nafasi. Giambi alimaliza na wastani wa kupiga wa .197. Nafasi ya Ortiz ilifunguka Mei, Boston walipomuuza Shea Hillenbrand. Ustadi wa Epstein ulikuwa kuchukua watu kadhaa kwa bei ndogo akijua kwamba akifanikiwa kwa mmoja au wawili, gharama ya wengine haitamuumiza. Huo ni utaratibu unaoweza kurudiwa. Anayemwajiri meneja kwa kutafuta jicho la mganga ataishia kuajiri msema maneno matamu.

Na Terry Ryan wa Minnesota, aliyemwachia Ortiz, alikuwa mjinga? Ndiye aliyempata Johan Santana alipokuwa kijana asiyejulikana, na Santana akatwaa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora mwaka 2004 na 2006. Mkono uliotupa almasi ndio uliookota nyingine. Kosa moja maarufu halitoshi kumhukumu mtu.

"Lazima awe amecheza." Beane alicheza, akiwa na wastani wa kupiga wa .219, na kilichompa jina hakikutokana na gongo lake. Epstein hakuwahi kucheza kwa malipo. Brian Cashman aliingia Yankees mwaka 1986 kama mwanagenzi wa ofisini, akawa meneja mkuu mwaka 1998, na ana makombe manne. Upande wa pili wapo wanaodai kwamba namba zinatosha, na nao wanakosea. Machi 2014 Houston Astros, klabu iliyojivunia takwimu zake, walimwachia J.D. Martinez bure. Alikuwa ameufumua upigaji wake wote majira ya baridi yaliyotangulia na kuujenga upya, na takwimu za miaka ya nyuma zisingeweza kulionyesha hilo. Ilihitajika mtu wa kukaa na kumtazama. Dombrowski, wakati huo akiwa Detroit, akamchukua. Miaka minne baadaye akamsajili tena Boston, na Martinez akapiga houmurani 43 katika ule msimu wa ubingwa.

"Ni fedha tu." Fedha husaidia sana, na Los Angeles Dodgers wa miaka hii ni ushahidi. Lakini New York Mets walivunja rekodi ya mishahara mwaka 2023 na kumaliza na ushindi 75 dhidi ya vipigo 87.

"Mwacheni abomoe, kombe litakuja." Hoja hii ilizaliwa Houston. Jeff Luhnow aliajiriwa Desemba 2011. Timu ikapoteza mechi 107 mwaka 2012 na 111 mwaka 2013, kisha ikawa bingwa 2017. Klabu nyingi zikaiga. Wanasahau kwamba José Altuve, Dallas Keuchel na George Springer walikuwa tayari ndani ya klabu Luhnow alipofika. Wanasahau pia Chicago White Sox, waliobomoa mwishoni mwa 2016, wakaingia mtoano mara mbili bila kuvuka raundi ya kwanza, na mwaka 2024 wakapoteza mechi 121, nyingi kuliko timu yoyote ya enzi za kisasa. Kupoteza kwa miaka mitatu si mpango. Swali la kumuuliza meneja ni hili: katika miaka hiyo anajenga nini ambacho asingeweza kukijenga huku akishindana, na mashabiki wanaolipa viingilio wanapewa nini.

Halafu kuna mwenendo. Januari 2020 uchunguzi wa ligi ulithibitisha kwamba Astros walitumia kamera kuiba ishara za wapinzani katika msimu wa ubingwa wao. Luhnow alifungiwa mwaka mmoja, na klabu ikamfukuza siku hiyo hiyo. Alisema hakujua. Kwangu jibu hilo linamhukumu vile vile, kwa sababu idara ni yake, na anayepokea sifa za idara abebe pia aibu yake.

"Aliyefukuzwa ameshindwa." Baada ya Dombrowski, Boston walimwajiri Chaim Bloom. Mmiliki, John Henry, alikuwa amesema hadharani kwamba mishahara lazima ishuke chini ya kiwango kinachotozwa kodi na ligi. Februari 2020 Betts akapelekwa Los Angeles Dodgers, ambao walitwaa ubingwa mwaka huo huo. Bloom alizomewa kwa miaka, akafukuzwa Septemba 2023. Kijana Roman Anthony, aliyechaguliwa katika drafti ya 2022 wakati wa Bloom, alipanda ligi kuu Juni 2025, na mwaka huo Boston wakarudi kwenye mtoano. Bloom alikuwa na makosa yake: timu yake ilishika mkia wa kundi mara tatu katika misimu minne. Ila mtu aliyeajiriwa kupunguza gharama hawezi kuhukumiwa kana kwamba aliambiwa ashinde kwa vyovyote.

Hoja ya mwisho ndiyo inayonikera zaidi: "Wanaofaa ni wachache, ndiyo maana wanarudi wale wale." Kim Ng alikuwa meneja mkuu msaidizi wa Yankees mwaka 1998 akiwa na miaka 29, kisha wa Dodgers, kisha ofisa wa juu katika ligi yenyewe. Dodgers walimhoji kwa kazi ya umeneja mkuu mwaka 2005, na baada yao klabu nyingine kadhaa. Miami Marlins walimpa kazi Novemba 2020, akiwa amepita miaka 50, mwanamke wa kwanza katika nafasi hiyo. Epstein aliaminiwa akiwa na 28. Tofauti hiyo haielezwi na uzoefu.

Haki itendeke pande zote, kwa hiyo nampima Ng naye kwa kipimo kile kile. Mwaka 2023 Marlins walishinda mechi 84 na kuingia mtoano, lakini walifungwa pointi 57 zaidi ya walizofunga, na katika mechi zilizoamuliwa kwa pointi moja walishinda 33 na kupoteza 14. Bahati ilikuwepo. Luis Arraez, ambaye Ng alimpata kwa kumtoa Pablo López, aliongoza ligi yao kwa wastani wa .354, huku López naye akiwapa Minnesota msimu mzuri; hapo kila upande ulipata. Timu ilikuwa imetoka ushindi 69 mwaka uliotangulia. Klabu ilipotaka kumwekea bosi mpya juu yake, Ng aliondoka. Mwaka uliofuata Marlins walipoteza mechi 100.

Mtu aliyetoka 69 hadi 84 kwa mishahara midogo, bila kashfa, alistahili kuachiwa idara yake amalize alichokianza. Miami walikosea.