Charlotte Guest Hakuwa Pambo la Kasri

Imekita mizizi dhana kwamba mwanamke wa tabaka la mamwinyi katika Uingereza ya Malkia Victoria alikuwa pambo tu la kasri la mashambani: anywe chai, adarizi, angoje wageni. Maisha ya Charlotte Guest (1812–1895), bintiye mwinyi wa Lindsey, yanatulazimu kuitazama upya dhana hiyo.

Mnamo 1833 aliolewa na John Guest, mmiliki wa kiwanda cha chuma cha Dowlais, Wales. Badala ya kulalamikia moshi wa matanuri, alijifunza Kiwelisi. Kati ya 1838 na 1845, huku akizaa na kulea (alijaliwa watoto kumi), alichapisha kwa sehemu saba tafsiri ya Kiingereza ya Mabinogion, hadithi za kale za Wales. Wapo waliodai kuwa kazi hiyo hasa ni ya makasisi wa Kiwelisi waliomsaidia. Dai hili halina mashiko. Msaada wa wajuzi wa lugha haumpokonyi mfasiri kazi yake. Lau ungempokonya, ni wanaume wangapi wangesalia na majina yao kwenye majalada? Kosa la Charlotte liko kwingine. Aliziondoa sehemu alizoona hazifai kusomwa na watoto, na mfasiri anayechuja mapenzi ya watu wa kale huwa amewasingizia staha isiyokuwa yao.

Mwaka 1846 familia ilinunua kasri la Canford, Dorset, likajengwa upya na Charles Barry, msanifu wa Bunge la Uingereza. Ingedhaniwa kuwa hapo sasa angetulia. (Utulivu wenyewe, bila shaka, uligharimiwa na jasho la wachimba makaa na watumishi wasiotajwa.) Mumewe alipofariki mwaka 1852, Charlotte ndiye aliyeshika usukani wa kiwanda, hata akakabiliana na mgomo wa wafanyakazi mwaka uliofuata. Lakini mamlaka hayo alipewa kwa sharti la kubaki mjane. Alipoolewa mwaka 1855 na Charles Schreiber, aliyekuwa mwalimu wa mwanawe, yalimtoka. Akili ilikuwa ile ile, na hesabu za kiwanda alizijua vile vile. Kilichobadilika ni ndoa.

Baada ya hapo alizunguka Ulaya akikusanya vyombo vya kauri, na mwaka 1884 akayakabidhi makumbusho ya South Kensington, London, mkusanyiko wake.