Msiseme "Imani Yake Ndogo"

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, lipo jambo linalonong'onwa vibarazani mwa misikiti yetu, tangu Kirumba hadi Igoma, tangu Magu hadi Ukerewe. Kijana aliyekuwa mgonjwa wa akili amejiua. Watu huuliza mawili: je, aswaliwe? Na ni jini gani aliyemwingia? Sisi tunauliza la tatu: nani alikuwa karibu naye kabla hajafa?

Hatubishani juu ya hukumu. Kujiua ni haramu, na Suratun-Nisaa, aya ya 29, imeweka wazi katazo hilo. Lakini haramu hiyo haikuwa ruhusa ya kumtelekeza mgonjwa angali hai.

Makundi mawili yanamwangamiza kijana huyu. La kwanza humpeleka kwa mganga, akavishwa hirizi na kutozwa fedha. Hiyo ni shirki, nasi tumeipiga vita miaka yote. Kundi la pili ni sisi wenyewe. Tumeikata hirizi shingoni mwake, kisha tukamvisha iliyo nzito zaidi: "Imani yako ndogo." Basi mwenye malaria naye aambiwe imani yake ndogo!

Mgonjwa wa akili huweza kuishi miaka mingi akiswali, akisoma na kufanya kazi. Hatari huzidi pale msiba unapoikuta akili ambayo tayari imeelemewa: kufeli kidato cha nne, talaka, kufiwa na mzazi, au deni la nyavu na injini wakati ziwa halitoi kitu. Huzidi pia katika majuma ya mwanzo baada ya kutoka hospitali, tunapodhani amekwisha pona. Aliyewahi kujaribu kujiua yumo hatarini kuliko wengine. Shirika la Afya Duniani lilihesabu zaidi ya watu 700,000 waliojiua duniani mwaka 2021, na kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni sababu ya tatu ya vifo.

Tazameni Suratu Maryam. Uchungu ulipomzidi, Bibi Maryam alitamani lau angekuwa amekufa zamani. Je, alikemewa? Hakukemewa. Aliliwazwa asihuzunike, akaoneshwa maji ya kunywa na tende za kula. Hayo ndiyo mafunzo ya Qur'ani kwa aliyekata tamaa. Sisi tumeyapata wapi ya kukemea?

Wengine huficha mgonjwa kwa kuogopa polisi, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, humfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Sheria hiyo ni urithi wa mkoloni. Uingereza yenyewe iliifuta ya kwake mwaka 1961, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu kama hicho kinapingana na Katiba. Hofu hiyo isimzuie mzazi kumtibu mwanawe.

Wengine husema Bugando ni hospitali ya Maaskofu. Ndiyo, ni yao kwa ubia na Serikali, na ina idara ya maradhi ya akili. Katika Hijra, Mtume (s.a.w.) alimkodi kiongozi wa njia asiyekuwa Muislamu. Je, sisi ni wachamungu kuliko yeye?

Basi tunawataka maimamu waache kuwatolea mfano wagonjwa hawa mimbarini kwa kuwadhalilisha. Kila msikiti uteue watu wawili wenye siri na subira. Kijana akijitenga, akigawa vitu vyake, au akisema yeye ni mzigo, aulizwe waziwazi iwapo anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Asiachwe peke yake. Sumu za shambani na vitu vya kudhuru viondolewe karibu naye. Asindikizwe hospitali, na dawa asizikatishe bila ya daktari. Asomewe Qur'ani pia, kwani kisomo na dawa havigombani.

Tumezoea kujaza safu kwenye jeneza. Tujaze kwanza nyumba ya mgonjwa.

Wabillahi tawfiq.