Kuvuka ziwa kunataka matayarisho

Toka Kasongo mpaka Salamabila, toka Kabambare mpaka vijiji vinavyopakana na Fizi, habari ni ile ile: mtoto wa fulani ameenda Tanzania. Wengine wanapanda boti Baraka, wengine wanashuka Kalemie na kuvuka mpaka Kigoma. Kuna anayekimbia bunduki, kuna anayetafuta maisha, kuna anayefuata kaka yake. Leo hatuandike kwa kuwakataza. Kutembea si kosa. Tunaandika juu ya ginsi wanavyoondoka: bila kuaga, bila kuuliza, na karatasi moja tu mfukoni, karte ya uchaguzi.

Njia hii si mpya. Katika karne ya 19, misafara ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe. Kiswahili chetu kilikuja kwa njia ile. Kwa njia ile pia wazee wetu wengi walipelekwa mashariki, minyororo shingoni na pembe za tembo mabegani, na hakuna aliyewauliza kama wanataka. Kijana wa leo anakwenda kwa mapenzi yake. Basi aende kama mtu mwenye haki, asiende kama mtu wa kujificha.

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Tangu tarehe 11 Julai 2022, inchi yetu ni memba kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wengi walisikia habari ile wakasema: sasa mpaka umefunguliwa, kila mtu apite. Hapana. Kuingia katika inchi ya wengine ni jambo moja, kukaa ni jambo la pili, kufanya kazi ni jambo la tatu, na kila jambo liko na karatasi yake. Kule Tanzania, sheria ya 2015 juu ya kazi za wageni inadai kibali cha kazi, pamoja na kibali cha kukaa. Kusema Kiswahili si kibali. Tena Kiswahili chetu chenyewe kinatutambulisha: ukisema "franga" sokoni Kigoma, muuzaji amekwisha kujua umetoka ngambo gani.

Kisha kuna jambo ambalo vijana wetu wengi hawajalisikia. Mwezi wa 7 wa 2025, serkali ya Tanzania ilitoa amri ya kukataza wageni kufanya aina 15 za biashara. Ndani yake kuna kuuza rejareja, kutuma feza kwa simu, kutengeneza simu, kununua mazao shambani, na uchimbaji mdogo wa madini. Mgeni akikamatwa, adhabu ni faini kuanzia milioni 10 za shilingi ao kifungo mpaka miezi 6, na viza pamoja na kibali chake vinafutwa. Tuangalie orodha ile vizuri. Kijana aliyekomaa kwenye mashimo ya zahabu upande wa Namoya, ao aliyeuza sabuni na chumvi Wamaza, anajua kazi gani zaidi ya hizo? Anafikiri anapeleka ufundi wake ngambo, kumbe ufundi ule ule ndio umekatazwa. Afazali alijue jambo hili akiwa bado nyumbani.

Wako watakaotuambia: vita haingojee karatasi. Ni kweli. Anayekimbia bunduki ana haki ya kuomba ulinzi hata akifika mikono mitupu, na hakuna wa kumlaumu. Lakini naye ajue mambo mawili. Akifika, ajionyeshe mapema kwa wakubwa wa serkali na kwa HCR, asiingie mjini kimya kimya. Na ajue maisha ya kambi: Nyarugusu, kule Kasulu, imepokea Wakongomani tangu 1996, na mukimbizi hatoke nje ya kambi bila ruhusa. Kambi ni mahali pa kuokoa roho. Si mahali pa kutafuta mtaji.

Kwa yule anayesafiri kwa hiari, matayarisho yanaanza mbali. Karte ya uchaguzi inamsaidia hapa kwetu. Haichukue nafasi ya paspoti. Bei ya paspoti imeshuka, toka dola 185 mpaka 99 mwaka 2020, kisha 75 mwaka 2025. Lakini aongeze karte ya njano ya chanjo, na chanjo ile ya homa ya manjano ifanyike siku 10 mbele ya safari. Abebe diplome yake, aache kopi kwa mama. Aandike pembeni namba za simu za nyumbani, maana simu inaibiwa. Na mtu akimuahidi kazi ngambo, hata akiwa shemeji, amuulize: kazi gani, kwa nani, kwa mshahara gani? Anayetaka kukushikia paspoti yako hakutakie mema.

Hapa tunageukia serkali, kwani muzigo si wa kijana peke yake. Paspoti inaomba akti ya kuzaliwa. Sheria ya 2016 inawapa wazazi siku 90 kumuandikisha mtoto; zikipita, lazima hukumu ya tribinali. Ni mama gani wa kijiji cha ndani cha Kabambare atakayefika biro ya etasivili na mtoto mchanga mgongoni, kwenye barabara ambayo pikipiki yenyewe inakwama? Mtoto yule anakua bila akti, na anapofika miaka 20 tunamuita msafiri wa magendo. Lakini tangu utoto wake hakuna biro iliyomuandika.

Kwa hiyo tunaomba mambo ambayo hayapite uwezo wa wakubwa wetu. Wakubwa wa teritwari zote mbili watume waandikaji wa etasivili mpaka vijijini, siku za soko, na pale mama wanapopeleka watoto kwa chanjo. Majaji wa tribinali watembee, wafanye vikao Salamabila, Wamaza na Kipaka, ili hukumu za kuzaliwa zitoke kwa wingi na kwa bei ambayo maskini anaweza. DGM nayo iseme wazi, kwenye redio za Kasongo na Kabambare, karatasi gani inatakiwa na bei yake halali ni ngapi, ili asiyejua asinyonywe.

Na ninyi wazazi, safari ya mtoto isiwe siri ya nyumba. Mkae naye kwenye baraza kabla hajauza baiskeli ya baba yake. Muulizeni anakwenda wapi, kwa nani, na karatasi gani. Kama hana jibu, mwambieni angoje mpaka alipate.