Wanapeleka Wapi Bathdei Yangu?

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano jioni, vijana wawili wenye fulana nyeusi waliingia katikati ya watoto na kuanza kubomoa. Hawakuwa na ubaya wowote. Walisema "samahani madam" kila walipong'oa kitu. Kwanza tao la baluni, kisha ukuta wa mbao wa kupigia picha, kisha zulia, kisha viti vidogo vyeupe. Muda wa kukodi ulikuwa umeisha, na kesho yake asubuhi walikuwa na kazi nyingine Syokimau. Mpwa wangu, aliyefikisha miaka minne siku hiyo, alinishika suruali akauliza: "Anko, wanapeleka wapi bathdei yangu?"

Nilimwambia inaenda kulala. Sikuwa na jibu lingine.

Acha niweke hesabu mezani, kwa sababu tumezoea kusifu sherehe bila kutaja pesa. Mapambo peke yake, bila keki, bila chakula, yalikuwa shilingi 18,500. Dada yangu alitoa 6,500 alizokuwa ameweka kwenye chama. Zile 12,000 alikopa kwenye programu ya simu, siku thelathini. Anauza kwenye duka la dawa na mshahara wake haufiki 25,000. Sherehe ilianza saa tisa ikaisha saa kumi na mbili. Saa tatu.

Siku thelathini zikapita. Siku ya thelathini na nne, watu tusiowajua wakaanza kupiga simu. Walimpigia bosi wake. Walimpigia landlodi wa nyumba aliyohama zamani. Walinipigia mimi, wakaniambia nimwambie dada yangu alipe kama mtu mzima. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinakataza mkopeshaji kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa. Kanuni ziko, na simu nazo zilipigwa. Alikopa kwingine kulipa huku, halafu akalipa huko pole pole. Alimaliza miezi saba baadaye. Wakati huo ule ukuta wa mbao ulikuwa umebandikwa majina ya watoto wengine sijui wangapi.

Najua hivyo kwa sababu nimewahi kuubeba. Si ule wenyewe, ila ndugu zake. Nilitoka chuo mwaka wa tatu, karo iliponishinda, na kwa miezi minane nikafanya kibarua kwa mpambaji. Mia nane kwa siku pamoja na nauli. Tulijaza baluni kwa pampu ya umeme, tukazifunga mbili mbili, jozi mbili zikasokotwa kuwa nne, na hizo nne nne zikapangwa mpaka tao likasimama. Ukuta wa mbao ni ule ule. Leo ni wa samawati kwa mvulana wa Donholm, kesho unapakwa waridi kwa msichana wa Ruaka, unabandikwa jina jipya, maisha yanaendelea. Sina ugomvi na wapambaji. Ni vijana kama mimi, na kazi yao ni kazi. Walinilisha wakati digrii yangu ilikuwa imegoma kuzaliwa.

Ugomvi wangu ni na sisi wateja.

Kwa miezi ile minane sikumsikia mzazi hata mmoja akiuliza, "Mtoto atachezea wapi?" Waliuliza picha itatoka vipi. Waliuliza kama rangi zitaonekana vizuri jua likienda. Walituonyesha picha za Pinterest zilizopigwa katika bustani za nchi ambazo hata hatujui jina, wakataka bustani hiyo isimamishwe katikati ya maji taka na tanki la maji. Na neno nililolisikia zaidi kwenye sherehe hizo si "hongera." Ni "usiguse." Usiguse baluni. Usikanyage zulia. Ondoka hapo, tunapiga picha. Mtoto ndiye mwenye siku, na ndiye mtu pekee anayefukuzwa kwenye mapambo yake.

Nilimwambia dada yangu maneno haya, tena vibaya, kwa ile sauti ya mtu aliyesoma miaka mitatu akadhani amemaliza. Alinijibu hivi: "Wewe na mimi tulikata keki gani? Tulimwagiwa maji shuleni, tukarudi nyumbani na yunifomu imelowa, tukachapwa. Hiyo ndiyo bathdei yetu. Yeye asikose."

Hilo si jibu la kupuuzwa. Kuna raha fulani watu hupata wakimhesabia mtu wa Kayole pesa zake. Kule Runda kuna sherehe za watoto zinazokula mara kumi ya hiyo 18,500, na hakuna anayeandika makala kuwakemea. Mtu akiwa na doo anaitwa mzazi mwenye upendo. Asipokuwa nazo anaitwa mshamba wa kujionyesha. Sasa tuelewane: siandiki hapa kuwafundisha watu wa mshahara mdogo waishi kidogo. Mtoto wa ploti anastahili kitu kizuri. Swali langu ni kama tulichomnunulia ni chake.

Na ndiyo maana nalichukia hata zaidi hilo neno linalotajwa kama dawa: bajeti. "Mapambo ya bajeti." Umeona yale mawaidha? Tumia maua ya bustani yako. Bustani gani? Chapisha vibandiko nyumbani. Kwa printa ya nani? Tundika taa ndogo ndogo kwenye ua la nyuma. Ua la nyuma la keja yangu ni ukuta wa jirani. Mawaidha hayo huchukua sherehe ya mtu mwenye nyasi, huipunguza mara tatu, halafu hukupa wewe mabaki yake uyaite ubunifu.

Dada yangu alianzia hapo. Kabla ya kumpigia mpambaji alishuka mjini, ule upande wa River Road na Kamukunji ambako kila kitu ni "mia tu." Mia tu hapa, mia tu pale, na ukifika stejini umemaliza shilingi 4,300 na umebeba mfuko wa vitu vinavyong'aa ambavyo havifanani. Akavitandaza kitandani. Akavilinganisha na picha iliyokuwa kwenye simu. Akaona haya, akavisukuma chini ya kitanda, akampigia mpambaji. Toleo la bei nafuu la sherehe ya tajiri ni ghali kupita kiasi, kwa sababu unalipa na bado unaaibika. Bajeti ilimfikisha kwenye mkopo. Hakukopa kwa kuwa hakujua kupanga pesa. Alikopa kwa kuwa alikuwa analinganisha chumba chake na picha.

Fanya jaribio moja. Leo, ukiwa nyumbani, piga magoti katikati ya chumba. Mtoto wa miaka minne ana urefu wa kama mita moja. Angalia anachoona. Lile tao la shilingi elfu kadhaa liko kule juu, ni kama dari tu. Anachokiona ni miguu ya watu, pindo la kitambaa cha meza, upande wa chini wa kiti, na giza tamu la uvunguni. Huo ndio ukumbi wake. Hapo hatukupamba hata senti moja. Tulipamba kwa urefu wa kamera.

Mwaka uliofuata mpwa wangu alifika miaka mitano. Dada hakuwa na pesa, na baada ya zile simu hakuwa na hamu. Nikamwambia aniachie mimi. Akacheka, ile cheko ya mtu anayejua utamwangusha.

Ghorofa yetu ina paa la saruji, na juu ya paa kuna kamba za kuanikia nguo, safu sita kutoka ukuta hadi ukuta. Miaka yote hiyo tulikuwa tunatafuta mahali pa kutundika vitu. Nilinunua karatasi ya krepu, roli nane, shilingi 400. Manila sita, 180. Gundi na uzi, 170. Chaki za rangi, 150. Keateka alitaka chai yake ili afunge macho, 250. Jumla 1,150. Pamoja na hayo kulikuwa na ule mfuko wa chini ya kitanda, ambao tayari ulikuwa umetugharimu, na leso tatu za mamangu alizotuma kwa sharti kwamba zirudi zote tatu.

Sikupamba. Hapo ndipo penye siri, kama kuna siri. Niliwaita watoto wa ploti saa nne asubuhi, kabla ya sherehe kuanza, nikawaambia kazi ni yao. Walikuja kumi na mmoja. Makasi yalikuwa mawili, kwa hivyo tulianza na vita. Wakubwa walikata bendera za pembe tatu kutoka kwa manila na vitabu vya zamani vya hesabu, wadogo wakapaka gundi kila mahali pasipohitaji gundi. Kijana mmoja wa darasa la tatu alichora matatu ya chaki sakafuni, na maandishi yake yote, na makanga akining'inia mlangoni. Mpwa wangu alichora duara akasema ni mama yake. Leso tulizifunga chini kabisa, usawa wa goti langu, zikawa hema. Waliingia humo na sikuwaona tena mpaka harufu ya chapati ilipowatoa.

Si eti kila kitu kilienda sawa. Upepo wa saa saba ulirarua nusu ya bendera. Manyunyu yakaanguka, krepu nyekundu ikatoa rangi, ikachuruzika juu ya shuka jeupe la jirani ambalo hakuwa amelianua. Nilifua shuka hilo kwa mkono Jumapili nzima, na mpaka leo lina wingu la waridi pembeni. Baluni za ule mfuko wa mia tu zilipasuka moja baada ya nyingine, na ilibidi nitambae nikiokota vipande, kwa sababu kipande cha baluni kikiingia koo la mtoto mdogo kinaziba pumzi. Hilo, kwa njia, ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza nikiwa kibarua.

Jioni wakubwa walimmwagia maji. Kikombe kimoja tu, na hakuna aliyechapwa. Dada yangu alisimama mlangoni pa paa akiangalia, mikono kifuani, na sikujua kama anafurahi au anahesabu.

Hekima hii si yangu. Shule nyingi za nchi hii zimewahi kupokea mgeni kwa migomba iliyosimamishwa langoni na bogonvilia iliyokatwa uani. Pwani wanawake huketi pamoja kutunga asumini za harusi, na porojo za kikao kile ni sherehe tosha. Sisi wenyewe, kufunga shule, tulisokota krepu kutoka kona hadi kona ya darasa tukisimama juu ya madawati. Hakuna aliyeita hiyo bajeti. Mapambo yalikuwa kazi ya watu walioalikwa, na mtu akishatundika kitu kwa mkono wake, mahali pale panakuwa pake. Sisi tumeigeuza kazi ile kuwa bidhaa, halafu tukashangaa kwamba muda ukiisha mwenye bidhaa anakuja kuichukua.

Kwa hivyo nasema hivi, na sitalainisha. Usikope kwa ajili ya ukuta. Kama una pesa zako na unalipenda tao, lipa tao, mpe kijana wa watu kazi, lakini sema ukweli kwamba umejinunulia wewe, na uwaache watoto waliguse mpaka lipasuke. Kama huna, usitafute toleo dogo la kitu ambacho hakikuwa chako. Anza na ulichonacho: kamba, ngazi, korido, mlango, uvungu. Shuka kwa magoti. Wape watoto makasi, hata kama ni mawili. Na ukiona haya, jiulize unamwonea nani haya, kwa sababu mtoto hayuko kwenye orodha hiyo.

Dada yangu hajakubali yote. Juzi ameniambia mwaka ujao anataka tao, na tumekubaliana litakuwa la pesa taslimu au halitakuwepo. Picha aliyoweka kwenye stetasi ilikuwa moja, imetoka na ukungu, na nusu yake ni kidole cha mtu.

Lakini hakuna aliyekuja saa kumi na mbili kubomoa. Bendera zilikaa pale juu siku kumi na mbili, katikati ya suruali na shuka za watu, zikipauka. Kila jioni mpwa wangu alipanda ngazi kuangalia kama bathdei yake bado ipo.